Pedi ya Bega la Kushoto

9 Februari

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Shikamoo tena, maana najua ile ya kwanza hukuipokea, umenuna kwa sababu sijaandika tangu mwezi wa kumi na mbili.

Kaa chini. Umekaa? Nimechaguliwa! Kuanzia Jumatatu mimi si mshona bitana tena. Nimepewa meza yangu mwenyewe, iko dirishani, na kazi moja tu: kubuni pedi za mabega za makoti yote yatakayotoka kwenye karakana hii msimu wa baridi unaokuja. Hebu fikiria, mtu anaamka asubuhi, ananawa uso, kisha kazi yake ni kuwaza mabega ya watu!

Ilikuwa hivi. Msimamizi wetu, huyu tunayemwita Bi Rula kwa kuwa hatembei bila rula (hata chooni nadhani anaenda nayo), alitukusanya akasema makoti yetu yana mabega ya kabati. Zile sponji za kununua zinasimama juu kama mtu kaficha kitabu ndani ya nguo. Mwenye wazo alete. Nikakumbuka ile pedi niliyoichukua nyumbani nilipokuja likizo, ya akiba ya koti la mzee wa posta, yule ambaye bega lake la kushoto limeshuka kwa kubeba mfuko wa barua maisha yake yote. Kesho yake nikaipeleka.

Bi Rula akaiweka kwenye koti, akalivaa mwenyewe, akainua mkono, akashusha, akajipapasa.

"Iko wapi?" akauliza.

"Ipo hapo hapo, bibi."

"Nimekuuliza iko wapi kwa sababu siisikii. Nani kaishona?"

Nikasema, Baba yangu. Nikamwambia ana mkono unaotetemeka lakini bado anawashinda wote waliomo humu, mimi nikiwemo. Dada, nilijisikia fahari mpaka pua ikaniwasha.

Sasa pedi yenyewe imefungiwa kwenye kabati la kioo ofisini kwake, na mimi nimepigwa picha kwa ajili ya jarida la mafundi. Nimeiweka humu. Msomee Baba barua yote, usiruke kitu, na pale penye mikono yake soma kwa sauti.

Wako asiyenyamaza,
Chiriku


20 Februari

Chiriku,

Marahaba. Barua imefika. Hongera.

Nilimsomea Baba kama ulivyoagiza, sikuruka kitu. Nilipofika pale penye mikono yake, aliomba maji. Nikampa. Nikaurudia ule mstari polepole, nikidhani labda hakusikia. Akasema maji yana vumbi, nimbadilishie. Nikambadilishia.

Picha yako ameibandika ukutani juu ya cherehani, kwa hiyo kila nikiinua macho nakutana na meno yako. Koti ulilovaa ni zuri. Mkono wa kulia umevutwa kidogo pale kwapani, sijui kama mpiga picha aliona.

Fundi viatu wa jirani ameshautangazia mtaa mzima kwamba nyumba yetu imetoa mbunifu. Nilikuwa nimesimama mlangoni pale pale, nimebeba sare saba za shule mkononi. Watu walimpongeza Baba. Mmoja akanigeukia, nikadhani ananipongeza mimi, kumbe anauliza zipu yake imekwisha au bado.

Wanasema mcheza kwao hutunzwa. Mimi nimecheza kwetu mwaka wa kumi na nne huu. Namwosha Baba, namfunga vifungo vya shati, nafungua duka, nakata, nashona, nafunga duka. Bado nasubiri kutunzwa. Silalamiki. Nakueleza tu, kwa kuwa hukuuliza.

Fanya kazi vizuri. Meza ya dirishani huwa na jua kali mchana, angalia macho.

Dadako


3 Machi

Dada,

Shikamoo. Umeona ule mkono wa kulia! Mimi mwenyewe sikuuona mpaka uliposema. Una macho ya mwewe wewe.

Nakuandikia kwa sababu nimekwama. Wanunuzi wakubwa wanakuja tarehe 28. Tunawaonyesha makoti arobaini, yote na pedi zangu, na pedi zangu ni vituko. Umbo nimelinakili sawasawa: nene upande wa nyuma, nyembamba juu, ukingo pamba imechambuliwa kwa vidole mpaka imekwisha yenyewe. Tabaka tatu kama zile. Lakini yangu inakaa begani kama soli ya kiatu. Ya Baba inalikumbatia bega kama inalifahamu tangu utotoni. Kuna kitu alichofanya wakati wa kuishona ambacho macho hayakioni, na siwezi kuifumua maana ni hiyo hiyo moja, na ufunguo wa kabati anao Bi Rula.

Tafadhali, muulize Baba. Anaishikaje? Anaishonaje? Kila neno lake uniandikie.

Wewe una bahati, Dada, sijui kama unalijua hilo. Upo naye, unaiona mikono yake kila siku. Mimi nilipokuwa hapo nikiuliza kitu, jibu lilikuwa moja: "Muulize dadako." Wakati mwingine nakuonea wivu, wallahi. Huku nina dirisha, lakini dirisha halijibu swali.

Wako,
Chiriku


11 Machi

Mdogo wangu mpenzi,

Marahaba. Nimemuuliza Baba, naye amenieleza kwa kirefu. Andika vizuri usije ukasahau.

Anasema tandaza kanvasi juu ya meza, inyooke kabisa. Tabaka zote tatu zikatwe kwa kipimo kimoja. Zipange, halafu zishone zikiwa zimelala hapo hapo mezani. Mishono ya bandi iwe ya karibu karibu, na uzi uvutwe mpaka ukaze. Usiikunje hata kidogo wakati wa kushona, ukiikunja itapoteza umbo. Ukimaliza, ipige pasi ya moto ikiwa bado imelala. Bega la mvaaji litaipinda lenyewe, anasema, hiyo si kazi ya fundi.

Amesisitiza hilo la kutokuikunja.

Siku hizi anachoka haraka. Ukiwa na swali niandikie mimi, usimsumbue yeye kwa barua.

Nakuombea mema tarehe 28.

Dadako akupendaye


2 Aprili

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Dada alinikataza kukusumbua, kwa hiyo barua hii nimeituma kwa anwani ya fundi viatu akukabidhi mkononi. Nisamehe. Nina swali moja tu, lakini lazima kwanza nikueleze yaliyonipata.

Tulishona makoti arobaini. Nilifanya kama ulivyosema, neno kwa neno. Nakiri vidole vyangu vilisita, pedi ilikuwa inakakamaa kama kadi, lakini nikajiambia, wewe nani hata ubishane na mtu wa miaka arobaini kwenye makoti?

Asubuhi yalipendeza. Wavaaji wakapita mbele ya wanunuzi, wamesimama wima, mabega yako sawa. Kisha mnunuzi mmoja, bwana mnene mwenye miwani, akasema, "Wainue mikono. Wakae. Wasimame. Koti ni la mtu anayeishi, si la sanamu." Wakainua mikono. Wakakaa. Wakasimama.

Baba, kila bega lilitoa mkunjo. Arobaini yote. Tabaka la ndani lilijikusanya, likavimba pale pale juu, likawa kama paji la uso la mtu aliyekasirika. Yule bwana akamkaribia mvaaji wa kwanza, akambonyeza begani kwa kidole gumba, akauliza, "Pole, ndugu. Hili jipu lina siku ngapi?"

Walicheka chumba kizima. Hata yule mvaaji alicheka. Bi Rula hakucheka. Alisubiri wageni waondoke, akanijia, akaelekeza rula yake kwenye ngazi ya kushuka chini. "Vifungo," akasema. Hilo tu.

Sasa nipo chumba cha chini nashona matundu ya vifungo, na meza yangu ya dirishani wameweka marobota ya kitambaa.

Sikulaumu hata chembe, Baba. Kosa ni langu, najua. Nataka tu kujua nilikosea wapi. Nilishona mezani, ikiwa imelala, bila kuikunja, kama ulivyomwambia Dada. Je, kuna neno nililiruka?

Binti yako,
Chiriku


13 Aprili

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Naandika kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana herufi zinayumba kama zimelewa. Nilianza Jumatatu, leo ni Alhamisi. Usizicheke.

Sikumwambia mtu yeyote ashone pedi mezani. Sikuulizwa. Barua yako ya mwezi wa tatu sikusomewa, nimejua kwamba ilikuwepo kwa kusoma hii.

Lakini usikasirike kwanza. Lipo langu, nalo limetangulia.

Pedi ile sikuishona mimi. Mkono wangu wa kulia haujashika sindano tangu mwaka juzi, na bilauri naishika kwa kuiviziavizia. Mzee wa posta alipoleta koti lake, mimi nilimwambia bega hilo halina dawa, avae hivyo hivyo. Dadako hakubishana nami. Alikaa kwenye kigoda, akaweka kanvasi na pamba juu ya goti lake, akaikunja ilifuate goti, na akaishona ikiwa imepinda vile vile. Tabaka la chini alilikata fupi, la juu refu, kwa kuwa anayepita upande wa ndani wa kona ana njia fupi. Mimi nilikuwa kitini namtazama. Nimeshona makoti miaka arobaini na moja na jambo hilo halikuwahi kunijia kichwani.

Mzee wa posta alivaa koti akajitazama kwenye kioo, akalia. Akanishika mkono mimi. Akanishukuru mimi. Nikapokea.

Kisha ukaja wewe likizo, ukaiona mezani pacha yake, aliyoishona iwe ya akiba, ukasema, "Baba, hii ni yako?" Nikasema ndiyo. Dadako alikuwa uani anaanika nguo.

Niliona wivu, mwanangu. Nimetafuta neno la heshima zaidi nimelikosa. Mtu kumwonea wivu mtoto aliyemzaa, anayemfunga vifungo vya shati kila asubuhi! Nilikuwa nazitazama zile bandi zake, ndogo, zimekaa kama punje, na moyoni nasema, mbona mikono hiyo si yangu. Barua yako ya kwanza ilipofika, alinisomea ule mstari wa mikono mara mbili. Alikuwa ananipa nafasi ya kusema. Nikaomba maji.

Alichokufanyia ni kibaya, na nitamwambia hivyo. Ila ukitafuta mwizi wa nyumba hii, anza na mimi.

Goti, Chiriku. Ishone juu ya goti.

Baba yako


22 Aprili

Dada,

Leo sina shikamoo.

Baba ameniandikia. Siku nne kwa mkono wa kushoto. Nimeijua pedi ni ya nani, nimelijua na goti, na nimejua kwamba Baba hakuwahi kuulizwa.

Kikulacho ki nguoni mwako. Sisi watoto wa fundi ndio tungepaswa kulijua hilo kuliko wote.

Ungeandika mstari mmoja: "Ni yangu." Maneno mawili! Ningepanda ngazi siku ile ile nimwambie Bi Rula, bibi, nilikosea, ni ya dada yangu. Unadhani nisingesema? Kweli unadhani hivyo? Badala yake ukakaa, ukachukua kalamu, ukaniandikia uongo uliopangwa tabaka kwa tabaka, na chini ukaweka "dadako akupendaye". Hujawahi kuweka hivyo maisha yako yote. Ningeshtuka hapo hapo kama nisingekuwa mjinga. Nilifurahi, Dada. Niliikata ile sehemu ya chini nikaiweka kwenye mkoba.

Na nikuambie kinachoniuma zaidi? Si vifungo. Si yule bwana na jipu lake. Ni kwamba pedi ni yako. Ingekuwa ya Baba, nami ningekuwa na fungu ndani yake, si ni baba yetu sote? Lakini ni yako. Tangu utoto, mimi mdomo, wewe mikono. Wageni wakija mimi ndiye niliyekuwa naimba, natoa vichekesho, napigiwa makofi. Wakiondoka wanaondoka wamevaa ulichoshona wewe. Nilikuja mji huu wa mbali ili kwa mara moja niwe na kitu ambacho wewe hukukishona kwanza. Kumbe nimekibeba chako kwenye begi.

Usiniandikie.

Mimi


1 Mei

Chiriku,

Umesema nisiandike. Naandika. Ukitaka uchane, lakini soma kwanza.

Nilijua nilichokuwa nafanya. Nilipoandika "usiikunje" mkono wangu haukutetemeka. Nilikuwa nimeanza kukwambia kwamba nilitaka uaibike kidogo tu, wakurudishe kwenye bitana, na kwamba sikuwaza habari ya watu kucheka. Nimeifuta sentensi hiyo. Niliwaza. Niliwaona wakicheka, hata nikajua utakavyosimama, mikono nyuma, kama ulivyokuwa unasimama mbele ya mwalimu. Nikafunga bahasha, nikala chakula, nikalala vizuri. Nimekwambia ili usije ukanisamehe kwa kitu kidogo kuliko nilichofanya.

Baba aliniita wiki iliyopita. "Leta kiti," akasema. Nikaleta, nikadhani anataka kunyolewa.

"Kaa wewe," akasema.

Nikakaa. Akaniambia kuhusu barua yako. Akaniambia nimekosa, na jinsi nilivyokosa, kama alivyokuwa akitusema zamani tukikata kitambaa vibaya, bila kupandisha sauti. Nikamsikiliza mpaka mwisho. Kisha nikamuuliza, "Na wewe, Baba?"

Akautazama mkono wake wa kulia, akaubana chini ya ule wa kushoto usitetemeke. "Na mimi," akasema. "Ile kazi ilikuwa nzuri kuliko zangu zote. Nilishindwa kuitamka. Kila nikitaka kuitamka, inakuwa kama nazima taa ya duka langu mwenyewe."

Miaka kumi na minne nimeyasubiri maneno hayo, Chiriku. Nilidhani yakija nitaruka. Nilitoka uani nikafua shati ambalo lilikuwa limekwisha kufuliwa.

Umeandika kwamba unaniona mimi ndiye mikono. Mimi nilikuwa dirishani nakutazama ukiwaimbia wageni, nikiomba sauti yako ikauke. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Sikuwahi kumwambia mtu.

Nakuja huko. Nitamwambia Bi Rula mwenyewe, usoni, siyo kwa karatasi. Fundi viatu amekubali kumwangalia Baba. Sikuombi unifungulie mlango. Nakujulisha tu.

Dadako


2 Juni

Baba,

Shikamoo. Nimefika salama, na samahani kwa kuchelewa kukuandikia. Nilitaka kwanza niwe na la kuandika.

Fundi viatu anakupa dawa kwa wakati? Na vifungo, anakufunga kuanzia juu au chini? Mwambie kuanzia chini, la sivyo kimoja hubaki.

Nilifika nyumbani kwa Chiriku mchana. Alifungua mlango, akanitazama, akageuka akaingia ndani akauacha wazi. Hakusema karibu, wala hakusema ondoka. Nikaingia. Alinitupia godoro na shuka, akaendelea na shughuli zake. Chiriku wetu, Baba, anayeongea hata na kijiko! Siku tisa hakunipa neno. Nilikuwa namsikia akicheka na majirani kwenye ngazi, akifika mlangoni anakizima kile kicheko kama mtu anavyozima redio.

Kesho yake nilikwenda karakana. Bi Rula ni mwanamke mfupi, na rula kweli anayo. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Hakunikatiza.

"Kwa hiyo ni wewe uliyeniharibia makoti arobaini," akasema.

"Ni mimi."

"Na ni wewe uliyeshona ile iliyomo kabatini."

"Ni mimi."

"Mtu mmoja?"

"Mtu mmoja, bibi."

Akaitoa ile pedi, akaigeuza geuza. Akasema maneno yangu ni rahisi, kila mtu ana mdomo, nikashone nyingine chumba cha chini aone. Nikashuka. Kule chini kuna joto na taa mbili tu, na wanawake sita wanashona matundu ya vifungo. Mdogo wangu alikuwa wa mwisho, kwenye kona. Hakuinua kichwa. Nikatafuta kigoda, nikakaa, nikaweka kanvasi gotini.

Ndipo nikakiona. Chini ya meza yake, kimefunikwa kitambaa, kilikuwa kibao kilichochongwa. Nikadhani ni hanga la koti limevunjika. Nikakivuta. Baba, ni bega. Bega la mti, limelainishwa, limeinama nyuma kama bega la mtu, na ubavuni lina mitaro saba, kila mtaro umeandikwa namba ya saizi. Unakunja kanvasi juu yake, mtaro unakuonyesha kila tabaka likatwe urefu gani, unashona. Seremala wa karakana, anayetengeneza mahanga, aliniambia baadaye kwamba walikichonga pamoja, baada ya barua yako, wakati wa mapumziko. Hakuwa amemwonyesha mtu mwingine. Aliogopa kuchekwa mara ya pili.

Nilikaa nacho mapajani. Goti langu ni moja, Baba, na linatoa pedi ya saizi moja, ile inayolingana na goti. Mtu mnene akija nabahatisha. Mtu mwembamba akija nabahatisha. Ule mkunjo wa chini ya mfupa wa mtulinga ambao hata kwenye koti la mzee wa posta uligoma kuondoka, nikauficha kwa pasi, kibao hiki kimeuondoa. Nilishona pedi moja juu yake. Ilikuwa nzuri kuliko yangu ya kabatini.

Sitakuficha nilivyojisikia. Wivu ulinipanda tena, ule ule. Nilikiangalia kibao, nikaiangalia ngazi. Bi Rula hakijui. Chiriku hasemi nami. Ningeweza kupanda na pedi mkononi nikasema, hii hapa, nimeishona, na isingekuwa uongo. Wazo hilo lilinikaa kwa muda, Baba, si kwa kupita tu. Kisha nikainua macho nikakuta mdogo wangu ananitazama. Sindano yake imesimama. Alikuwa anasubiri aone nitafanya nini, na usoni kwake hakukuwa na hasira. Alikuwa amekwisha kuamini kwamba nitafanya.

Nikakibeba kibao na pedi, vyote viwili, nikapanda. Nikaviweka mezani kwa Bi Rula.

"Pedi nimeshona mimi," nikasema. "Hiki si changu. Ni cha yule wa vifungo, kule kwenye kona. Mimi nisingekiwaza hata ningekaa hapa miaka kumi."

Bi Rula akakipima kwa rula yake, mtaro kwa mtaro. Akavaa koti, akainua mkono, akakaa, akasimama. Akatuma Chiriku aitwe. Alipoingia, Bi Rula alimuuliza jambo moja tu, kwa nini alikificha. Chiriku akasema, "Niliambiwa vifungo, bibi." Bi Rula akacheka, mara ya kwanza watu kumsikia, hata karani alichungulia mlangoni.

Makoti arobaini yanafumuliwa mabega na kushonwa upya, na yule bwana wa miwani ameombwa arudi tarehe 30. Kama atarudi hatujui. Mpaka hapo nimeambiwa nibaki. Marobota yameondolewa kwenye meza ya dirishani, na kwa kuwa hakuna meza nyingine, tumewekwa sote pale pale, kigoda kwa kigoda.

Jumanne asubuhi ndiyo tulianza. Nilichelewa kidogo kukaa, nikasimama mbele ya dirisha natafuta mkasi. Yeye alikuwa ameshainamia kazi. Ilikuwa siku ya kumi tangu nifike.

"Sogea," akasema. "Unanizibia mwanga."

Nikasogea.

Binti yako wa kwanza